Mkoba Niliofungiwa na Wifi

Nilianguka nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe.

Hapo ndipo likizo yangu ya ng'ambo ilipoanza, na hapo hapo ndipo ilipoishia. Kachumba kadogo ka uwanja wa ndege, ukuta mweupe, meza ya chuma, na afisa wa forodha kijana amevaa glovu kama mtu anayetaka kumzalisha ng'ombe. Mbele yake begi langu kubwa lilikuwa wazi kama kibanda kilichobomolewa. Unga wa wimbi. Udaga wa muhogo. Dagaa wakavu. Kuku mzima wa kukaanga kwenye gazeti. Na juu ya vyote kifurushi cha baba mkwe, kimeshonwa kwa kaniki, mishono ya karibu karibu.

Mezani waliweka simu. Ndani ya simu alikuwamo mwanamke wa kutafsiri, Kiswahili chake laini cha redioni.

"Bibi, afisa anauliza, mzigo huu umeufunga mwenyewe?"

"Mimi? Nifunge mwenyewe, kwani nimeachika?"

Simu ikakohoa kidogo. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo kwa lugha yao.

"Bibi, jibu ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Aliufunga nani?"

"Wifi yangu. Na majirani wakatia vyao. Huyo kuku hata sijui ni wa nani."

"Na hiki kilichoshonwa, kina nini ndani?"

"Sijui mwanangu. Ni cha baba mkwe. Mimi siwezi kufungua kitu cha baba mkwe."

Afisa akachukua mkasi. Mkasi ukapita kwenye mishono ya mzee wa watu, na kikatoka kipande cha ngozi kavu na mkia, mrefu, mweusi, na manyoya yake yote. Kijana akarudi nyuma hatua moja. Akafungua pasipoti yangu akasoma mahali nilipozaliwa. Mugumu, Serengeti. Hilo neno la pili hakuhitaji mtafsiri. Alilitamka mwenyewe, polepole, macho yamemtoka.

Nikaelewa. Kwao Serengeti haina watu. Haina soko, haina ofisi za halmashauri, haina mama yangu aliyenizaa. Ina wanyama tu. Kwa hiyo mtu akitoka Serengeti na mkia, mkia huo ni wa mnyama wa serikali.

"Ni ng'ombe!" nikasema. "Mwambie ni ng'ombe! Hata mtoto anajua!" Nikaunyakua ule mkia ili nimwonyeshe unavyoota. Basi kichwa kikapiga kishindo, kama mtu amefunga mlango wa bati ndani ya fuvu langu. Mkono wa kushoto ukaacha kuwa wangu. Nikaiona meza ya chuma inakuja.

Neno la mwisho nililolisikia lilitoka kwenye simu. "Bibi, wanauliza, una dawa unazotumia? Dawa zako ziko wapi?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo limenifanya nichukue kalamu, mimi mtu wa darasa la nne. Dawa zangu zilikuwa wapi. Ngoja nikurudishe nyumbani, uwaone waliohusika mmoja mmoja. Majina siyataji, lakini kijijini kwetu Susuni kila mtu anawajua, na wao wanajijua.

Nina presha. Ninayo tangu mume wangu afariki. Kila asubuhi kidonge kimoja cheupe na nusu ya kile cha njano. Kila mwezi nateremka Tarime mjini kuchukua dawa, na kila mwezi nasindikizwa na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, kwa sababu yeye anapenda kwenda mjini. Anakaa na mimi kwenye benchi. Anasikia daktari anavyonigombeza. "Mama, usiruke hata siku moja. Na punguza chumvi." Wifi huitikia kwa kichwa kuliko mimi. Weka hilo akilini.

Binti yangu anafanya kazi nchi ya baridi, anatunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Mwaka huu akasema, "Mama, uje likizo wiki tatu, upumzike." Neno hilo lilitusumbua bomani kuliko safari yenyewe. Sisi likizo tunaijua ni ya wanafunzi na walimu. Mkulima mwenye likizo ni yule aliye jela au hospitali.

"Unaenda kutibiwa?" akaniuliza wifi.

"Hapana. Kupumzika."

"Umechoka nini, mke wetu?"

"Binti ndiye anasema nimechoka."

"Kama ni kuchoka si ulale hapa? Mpaka upande ndege?"

Sasa elewa utaratibu wa boma lile. Kwa wakwe zangu, mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe hafungi mzigo wake mwenyewe. Akionekana anakunja nguo zake anazitia kwenye begi, basi anarudi kwao, na kikao cha kudai ng'ombe kinaitwa kabla hajafika barabarani. Akisafiri kwa heri, anafungiwa na wifi. Hiyo ndiyo ishara kwamba ametumwa, hakutoroka. Mjane naye ni hivyo hivyo, tena zaidi, maana mjane anachungwa. Begi likishafungwa hulifungui mpaka ufike, kwa sababu kufungua ni kusema wakwe zako wezi.

Nililijua hilo vizuri. Mume wangu alipofariki niliomba kwenda Mugumu kwa dada yangu nitafute riziki kidogo, na wifi ndiye alifunga begi. Nilikwenda kufua nguo kwenye kambi ya mahema ya watalii, misimu miwili.

Na huko, ndugu yangu, ndiko nilikopewa elimu yote ya kusafiri, bure kabisa, nikaicheka.

Kulikuwa na bibi mmoja mzungu, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Tumboni, chini ya nguo, alivaa kijaluba cha kitambaa. Hakivui hata akienda kuoga. Wapishi wakasema huyo ni mganga wa kwao, anatembea na hirizi. Siku moja akakifungua mbele yangu kukisafisha, nikaona dawa, pasipoti, na karatasi imekunjwa. Dawa tu! Tulicheka wiki nzima. Alipoondoka aliacha kijitabu hemani, na mhudumu mmoja aliyesoma akatutafsiria jikoni. Kijitabu kilikuwa kinawafundisha namna ya kuja kwetu na kurudi hai. Usinywe maji ya bomba. Usibebe mzigo wa mtu mwingine. Funga begi lako mwenyewe. Dawa zako zisitoke mwilini mwako.

"Watu waoga hawa!" akasema mpishi. "Funga begi lako mwenyewe! Kwani hawana wifi?"

Tukacheka mpaka sufuria ikaungua. Mimi nilicheka kuliko wote. Leo kicheko kile kimenirudi kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine haufuati.

Basi. Binti alituma ujumbe wa sauti. Niliufungua bomani kwa sauti kubwa, na wifi akataka urudiwe mara tatu, eti amekumbuka sauti ya mtoto wa marehemu mdogo wake. "Mama, dawa zako na karatasi ya bima weka kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa linaweza kupotea. Usibebe chakula. Usibebe kitu cha mtu usichokijua." Mara tatu. Kuku walisikia.

Lakini ushauri wa mtoto wako mwenyewe una ladha gani? Wifi akasema tutafute mtaalamu. Na mtaalamu alikuwapo Nkende, njiani kwenda mjini, chumba kimoja kati ya saluni na mahali pa kuchaji simu. Mlangoni amebandika picha ya ndege, na juu yake ameandika kwamba anatoa ushauri wa safari za ng'ambo. Anasali kanisa moja na wifi. Amevaa tai. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa nimeshapona nusu, kwamba uwanja wa ndege wa Nairobi anaufahamu mpaka kwenye mlango wa kioo. Alimsindikiza kaka yake siku moja. Pale kwenye kioo akapunga mkono, akarudi Nkende kuwa mtaalamu.

Alikuja nyumbani siku ya kuniaga. Alipewa kiti chenye mto. Tukamchezea ule ujumbe wa binti, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Huyu mtoto amekaa huko siku nyingi, amesahau. Bima kwenye mkoba wa mkononi? Itakunjika. Karatasi ya serikali ikikunjika haikubaliki. Iwekeni chini kabisa ya begi kubwa, ndani ya mfuko wa plastiki."

"Umesikia?" akasema wifi.

"Na chakula abebe. Wazungu wanapenda asili. Ukiulizwa jambo lolote, sema ukweli, utapita. Na uwanjani usiongee na mtu, kuna matapeli."

"Na zawadi ya mzee?" akauliza jirani.

"Zawadi ya mzee inakataliwa wapi duniani?"

Mimi nikaitwa nje. Baba mkwe alikuwa amefika, na mimi siwezi kukaa naye kiti kwa kiti. Nikapiga magoti mbali kidogo. "Shikamoo, tata." "Marahaba. Mpelekee mjukuu wangu baraka ya boma." Akakabidhi kile kifurushi kwa wifi, siyo kwangu. Ngozi na mkia wa ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya safari, nilikuja kujua baadaye kama ninyi mlivyojua, kwa mkasi wa forodha.

Nilipokuwa nje, ndani yalisemwa mengine. Hayo nayajua kwa mdomo wa wifi mwenyewe, nitafika.

Kitu kimoja nilikifanya kwa mkono wangu, kwa wizi, kabla hawajaja kufunga. Vidonge vyangu vya mwezi mzima nilivitia kwenye kopo la plastiki la mafuta ya kujipaka lililokwisha, kopo nikalitia kwenye mkoba wa mkononi. Wifi alipomaliza kufunga, nikanyanyua mkoba, nikautikisa karibu na sikio. Kopo likalia, chaka chaka chaka. Nikatulia. Sikufungua. Mbele ya wifi na majirani wote, ningefunguaje?

Asubuhi ya safari nilimeza vidonge vya siku hiyo kutoka kwenye karatasi niliyoviweka chini ya mto. Tukaondoka. Sirari mpakani, kijana wa mkokoteni akaliangalia begi langu akapiga mluzi. "Mathe, hii bag umebeba nyumba yote? Umeacha mlango tu?" Nikamwambia afunge mdomo asukume. Nairobi nikafika jioni, nikalala kwa mtu wa kwetu. Ndege ilikuwa kesho yake usiku. Asubuhi, maji yapo mkononi, nikafungua mkoba, nikafungua kopo.

Karanga.

Karanga za kukaanga, za chumvi, zimefika nusu ya kopo.

Nilimwaga zote kwenye kanga, nikidhani vidonge viko chini. Hakuna. Nikampigia wifi, simu haipatikani. Nikampigia binti, alikuwa zamu, hapokei. Sikumwambia mwenye nyumba, aibu. Kusema wifi yangu amezitoa dawa zangu ni kulivua nguo boma la watu. Hapo kosa ni langu, na ninaliandika kwa mkono wangu. Nilisema siku mbili haziui mtu. Uwanjani nilipita mbele ya duka la dawa lenye taa, sikuingia, kwa sababu mtaalamu alisema nisiongee na mtu. Na ndani ya ndege, nilipoogopa chakula chao chenye vikopo vikopo, nilikula nini? Nilikula karanga. Za chumvi. Nilizila zote.

Mengine umeshayasikia. Kachumba, mkasi, mkia.

Likizo yangu niliitumia hospitali. Nchi ile ni nzuri sana, niliiona dirishani. Ina maegesho ya magari na mti mmoja. Binti yangu alikuwa ameomba ruhusa kazini anitembeze, kuna ziwa alitaka nilione na treni alitaka nipande. Ile ruhusa yake aliimaliza kwenye kiti kando ya kitanda changu, akinilisha uji kwa kijiko kama anavyowalisha wazee wake. Ndiyo kazi aliyopumzika nayo.

Siku ya kwanza nilipoweza kusikia vizuri aliniuliza, "Mama, dawa zako ziko wapi?"

Mdomo ulikuwa hautamki. Nikaonyesha kwa mkono mmoja uliobaki kwamba sijui.

Akalia. "Nilikuambia, mama. Nilikuambia mkoba wa mkononi."

Wahasibu wa hospitali nao walitaka karatasi ya bima. Ilipatikana baada ya siku tatu za kutafutana na watu wa forodha, chini kabisa ya begi kubwa, ndani ya mfuko wa plastiki, haijakunjika hata kidogo. Inanuka dagaa. Lakini haijakunjika. Mtaalamu apongezwe.

Na ule mkia ulipelekwa kupimwa. Ilitoka barua, ninayo, imepigwa muhuri, inathibitisha kwamba ng'ombe ni ng'ombe. Binti aliponisomea nilitaka kucheka, mdomo ukakataa.

Nimerudi Susuni mkono wa kushoto umening'inia. Jembe siwezi. Kumenya ndizi siwezi. Kujifunga kanga mpaka nisaidiwe, na anayenisaidia ni nani? Wifi. Siku niliyofika alikuja mbio, akanikumbatia, akatoa mfukoni kitambaa kimekunjwa vizuri, akakifungua mbele yangu kwa furaha.

"Mke wetu, dawa zako hizi. Hata kimoja hakijapotea."

Vyeupe na vya njano. Mwezi mzima.

Nikamuuliza, kwa mdomo huu ulioenda upande, kwa nini. Akasema nilipokuwa nje namwamkia mzee, mtaalamu alisema huko ng'ambo vidonge ni madawa ya kulevya mpaka uthibitishe siyo, na watu wamefungwa. Yeye akaona aniokoe. Hakuniambia kwa sababu ningekataa. Akatia karanga ili kopo lilie, nisihangaike.

Nikaitisha kikao. Wazee wakaja. Mtaalamu naye akaja na tai yake, akasema hakusema zitolewe, alisema tu mtu awe mwangalifu. Wifi, mbele ya wazee, akageuka. Akasema alidhani ni vidonge vya kichwa tu. Baba mkwe akasema aliyefunga mzigo amefunga kwa desturi, na desturi haina mkosaji. "Amerudi mzima," akasema. Mzima! Kikao kikafungwa kwa chai. Cha pili kikafungwa kwa chai na maandazi.

Wewe unayejiandaa kusafiri, ushauri wangu ni mfupi. Funga begi lako mwenyewe hata kama watadai ng'ombe. Ng'ombe wanarudishwa. Mkono haurudishwi. Vaa kijaluba cha yule bibi, waache wakucheke. Mtaalamu yeyote, kabla hujampa kiti chenye mto, muulize ameishia mlango gani. Na kitu cha mkweo, kifungue. Nimesema. Kama kuna laana, imeshanipata, haina mahali pa kuongeza.

Baba mkwe siwezi kumhoji, na sitamhoji. Mtaalamu nimemwachia picha yake ya ndege, ingawa nataka aje aseme mbele ya waumini wenzake aliwahi kupanda ndege ya kwenda wapi. Lakini wewe, wifi, uliyekaa na mimi kwenye benchi kila mwezi, uliyesikia daktari akisema usiruke hata siku moja na upunguze chumvi, uliyesikia sauti ya binti yangu mara tatu kwa kuomba mwenyewe, kikao cha tatu ni Jumapili baada ya ibada. Chai haitakuwepo, nimeizuia. Utasimama mbele ya ukoo ujibu swali lile lile nililoulizwa na simu, na hospitali, na mwanangu. Ulipokuwa unazitoa, ulijua ni dawa zangu za presha, au hukujua? Ukisema hukujua, eleza kwa nini ulizifunga kwenye kitambaa ukanitunzia, kimoja kimoja. Ukisema ulijua, basi eleza karanga. Na ueleze kwa nini ulizitia chumvi.